Bashrafu ya Sinema: Maswali Yenu Kuhusu Muziki wa Filamu

Niliandika hapa kwamba kuna usiku huzima taa nikasikiliza muziki wa filamu peke yake, okestra tupu, bila picha. Tangu siku hiyo maswali hayajakoma. Haya ni baadhi yake.

Shikamoo. Mume wangu anasema muziki usio na maneno ni kelele za kujazia picha, na kwamba mimi naiga Wazungu. Nimjibu nini? (Tanga)

Marahaba, mwanangu. Muulize kwa upole: taarabu ya Unguja, ile ya asili, hufunguliwa na nini? Hufunguliwa na bashrafu. Fidla, kanuni, udi na akodiani hupiga pamoja, mwimbaji bado ameketi, na watu wanatulia kusikiliza. Hakuna neno hata moja. Nadi Ikhwan Safaa ni kikundi cha 1905, na hadi leo hakuna aliyesema bashrafu ni kelele za kujazia.

Halafu mkumbushe bibi zake. Picha za Misri na za Kihindi zilijaza kumbi za sinema za pwani, na muziki wake ulikuwa wa okestra: mafungu ya fidla yakipanda na kushuka kwa pamoja. Awaara ya Raj Kapoor, ya 1951, ilipendwa Unguja kuliko unavyoweza kueleza, na watunzi wake Shankar na Jaikishan walikuwa mabingwa wa okestra kubwa. Juma Bhalo wa Mombasa alichukua mahadhi ya picha za Kihindi akayatia mashairi ya Kiswahili, na watu wakayaimba kama yao. Masikio ya pwani yamezoea okestra ya sinema tangu zamani. Wewe huigi mtu, unaendeleza.

Mimi hutazama picha zilizotafsiriwa, kwenye kibanda umiza. Mtafsiri anaongea mwanzo mwisho. Je, nimeukosa muziki wote? (Morogoro)

Hapana, ndugu yangu. Mimi mwenyewe nilianzia hapo hapo, kwenye benchi la mbao, turubai likivuja joto. Siku moja walituwekea ile picha ya papa, Jaws. Mtafsiri alikuwa fundi wa maneno, lakini alipofika pale papa anaposogea chini ya maji alinyamaza. Zikabaki noti mbili tu, zikienda na kurudi, polepole, kisha haraka, kisha haraka zaidi. Papa mwenyewe haonekani. Mtoto aliyekaa mbele yangu alipandisha miguu juu ya benchi, kama vile kulikuwa na maji sakafuni. Noti mbili, za jirani kabisa, hatua ndogo kuliko zote katika kinanda. John Williams alizitunga, na 1976 akapewa Oscar kwa kazi hiyo.

Ila nakuomba kitu kimoja: tafuta spika za masikioni, hata za bei ndogo. Noti zile hupigwa na selo, ndugu mkubwa wa fidla, na fidla kubwa za besi, chini mno, na spika ya simu haina uwezo wa kuzitoa. Utasikia mkwaruzo, sauti yenyewe hutaipata.

Naanza. Nina simu na bando dogo. Nisikilize nini kwanza, na nisikilize vipi? (Nakuru)

Anza na Psycho, filamu ya kutisha ya 1960, ile sehemu ya bafuni. Tazama mara ya kwanza sauti ikiwa imezimwa. Utaona kisu, pazia, maji, uso wa mwanamke. Inatisha kidogo. Sasa rudia na sauti. Hitchcock, mwongozaji, alitaka pale pawe kimya. Bernard Herrmann, mtunzi, akaandika muziki hata hivyo, akamsikilizisha, na Hitchcock akakubali. Jambo la kushangaza ni kwamba katika filamu nzima Herrmann hakutumia ala yoyote nje ya familia ya fidla. Hakuna tarumbeta, hakuna ngoma, hakuna filimbi. Mlio ule unaoudhani ni wa ndege au wa chuma ni upinde juu ya nyuzi, unakwaruzwa kwa nguvu mahali pa juu kabisa.

Ukishamaliza hapo, nenda Star Wars ya 1977, ufuate mahadhi mamoja tu. Kijana Luke amesimama jangwani jioni, anatazama majua mawili yakizama. Honi moja, ala ya shaba iliyopindwa duara, inaanza peke yake, kwa unyonge, kisha fidla zinaipokea na kuinuka nayo. Yashike hayo mahadhi kichwani. Yatarudi tena na tena, mara yamefichwa chini ya mazungumzo, mara nusu yake tu. Mwisho wa filamu, mashujaa wakiingia ukumbini kuvishwa nishani, matarumbeta yanayapiga kwa sauti kuu. Mahadhi ni yaleyale ya kijana mpweke wa jangwani, lakini sasa yamevaa joho. Filamu haikukueleza kwa maneno kwamba amekuwa mtu mwingine. Okestra ndiyo iliyokuambia, nayo ni London Symphony Orchestra.

Hiyo ndiyo shule yenyewe. Mtu akiweza kufuata mahadhi mamoja kutoka mwanzo hadi mwisho, mengine atajifundisha.

Muziki wa Out of Africa hunitoa machozi. Rafiki yangu anasema ni muziki wa kikoloni na niuache. Nani ana haki? (Naivasha)

Nimekaa na swali lako siku tatu, dada.

Rafiki yako ana hoja. Filamu ile ya 1985 ilipigwa Kenya, lakini ni kumbukumbu ya Karen Blixen, Mdenishi aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, likamshinda, akaondoka 1931. Wakikuyu walioishi na kulima kwenye ardhi ile hawana mahadhi yao katika okestra ya John Barry, mtunzi wa muziki huo. Fidla zile nyingi zinazokwenda taratibu ni moyo wa mtu anayeiangalia nchi aliyoipoteza, na nchi yenyewe haikuwa yake.

Lakini machozi yako nayo ni ya kweli. Barry alijua kuandika kupoteza kuliko watunzi wengi. Kila sentensi ya muziki wake inachelewa kidogo kumalizika, kama mtu anayeaga mlangoni na hataki kutoka. Sikiliza pale ndege ndogo inaporuka juu ya Bonde la Ufa. Mimi huusikiliza mpaka leo, nikijua kwamba muda wote huo nimeketi ndani ya ndege, siko shambani. Usiuache. Sikiliza ukijua ni jicho la nani.

Naongeza hili kwa sababu wengi hawalijui: Kenya ilikuwa imeshampa Barry heshima kabla ya hapo. Born Free ya 1966, kisa cha simba jike Elsa, ilimpatia Oscar mbili kwa mpigo, moja ya muziki na moja ya wimbo. Na Tanganyika ilikuwa na yake: Hatari!, filamu ya 1962 yenye jina la Kiswahili, iliyopigwa upande wa Arusha. Henry Mancini alitazama watoto wa tembo wakienda kuoga, akauandikia mwendo wao muziki wa klarineti ndogo yenye sauti ya juu, wenye mkao wa kudunda. Huo nao nenda kausikilize, utatabasamu.

Watoto wangu huku wanabishana. Mmoja anasema ule mwito wa mwanzo wa The Lion King ni Kiswahili, mwingine anakataa. Na "Baba Yetu" ni ya filamu gani? (Muscat)

Anayekataa ameshinda. Mwito ule ni Kizulu, sauti ya Lebo M wa Afrika Kusini. Kiswahili kimo kwenye majina: Simba, Rafiki, na Pumbaa aliyepumbaa. Ila waambie watoto wausikilize pia muziki wa pale Mufasa anapokufa. Hans Zimmer, mtunzi wake, alifiwa na baba yake akiwa mdogo, na amesema kwamba katika filamu ile ya katuni alikuwa anamlilia baba yake. Oscar yake ya kwanza ilitoka hapo. Mimi nilipolijua hilo sikuweza tena kuiita picha ya watoto.

"Baba Yetu" si ya filamu. Christopher Tin, Mmarekani, aliitunga kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, Civilization IV, wa 2005. Maneno ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, kama tunavyoisali kanisani, na walioiimba mwanzo ni kwaya ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2011 ikapata Grammy, kipande cha kwanza cha muziki wa mchezo wa kompyuta kufika hapo. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa jikoni. Niliacha ugali ukaungua.

Mbona nyimbo nyingi za filamu zinafanana? Wanaibiana? (Eldoret)

Mara nyingi chanzo ni chumba cha uhariri. Mhariri huweka muziki wa muda, uliokwisha tungwa na mtu mwingine, ili apate mwendo wa picha. Mwongozaji anausikia wiki baada ya wiki mpaka unamwingia damuni. Mtunzi akifika anaambiwa: nataka kama huu. Amefungwa mikono kabla hajashika kalamu.

Lililoniuma zaidi ni la Alex North. Aliandika muziki wa 2001: A Space Odyssey ya 1968, ukarekodiwa, kisha mwongozaji, Stanley Kubrick, akabaki na muziki wa muda, wa akina Strauss na Ligeti. Kazi ya North ikakaa kimya miaka mingi. Rafiki yake Jerry Goldsmith, mtunzi mwenzake, alikusanya okestra akaipiga upya 1993, North akiwa ameshafariki. Deni la urafiki la namna hiyo sijui kama limewahi kulipwa vizuri zaidi.

Kipande nikipendacho hakimo kwenye albamu. Kwa nini? (Kigoma)

Santuri ilibeba dakika kama 40 tu, na Marekani wapigaji walipaswa kulipwa tena kazi yao ikigeuzwa albamu. Kampuni zikakata. Tafuta toleo lililopanuliwa, mara nyingi lipo.

Nimesoma kuhusu E.T., ile filamu ya mgeni kutoka angani, na zile dakika za mwisho. Ni kweli filamu ilikatwa kufuata muziki? (Kampala)

Ni kweli. John Williams, yule yule wa Jaws, alikuwa anaongoza okestra huku akitazama picha, kila noti ikitakiwa ianguke pale pale, na muziki ukawa unabanwa. Mwongozaji, Steven Spielberg, akamwambia azime picha, apige kama yuko kwenye konseti. Akapiga. Kisha Spielberg akaenda kuirekebisha filamu iufuate muziki. Tazama tena baiskeli zinapoinuka, usikilize jinsi okestra isivyo na haraka ya kumngoja mtu. Uliniuliza pia, pembeni, kama ni aibu mwanaume mzima kulia hapo. Mimi hulia kila mara.

Okestra ya kweli, ya watu wanaopumua, naweza kuisikia wapi huku kwetu? (Goma)

Nchi yako inayo, ingawa Kinshasa iko mbali nawe: Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa 1994 na Armand Diangienda, aliyekuwa rubani. Walianza na ala chache zikipokezanwa mkono kwa mkono. Nairobi iko Nairobi Orchestra, na kuna vijana wa Ghetto Classics wa Korogocho. Ukipata nafasi kaa karibu na fidla uzione pinde zote zikivutwa upande mmoja kwa wakati mmoja.

Nafunga ndoa Desemba. Nataka tuingie ukumbini kwa muziki wa filamu, lakini wazazi wameshakodi matarumbeta. Nifanyeje? (Dar es Salaam)

Hongera sana, mdogo wangu! Wala usigombane na wazazi, wamekusaidia. Rudi kwenye jibu la Nakuru: yale mahadhi ya jangwani yanayorudi kwa matarumbeta ukumbini. Yametungwa kwa ala hizo hizo. Mfuate kiongozi wa matarumbeta mapema, wiki tatu kabla, na simu yako na spika nzuri. Vijana wale wengi hushika wimbo kwa sikio; wakisikia mara nne tano wanao. Waombe mpiga tarumbeta mmoja aanze peke yake, taratibu, mkiwa bado mlangoni. Wengine wote, na ngoma, waingie mguu wako wa kwanza ukivuka kizingiti. Kisha niandikie uniambie walivyopiga.