Kompyuta nzito: kabla hujagusa mipangilio

Wanaojua kuwa ninashughulika na kompyuta huniuliza swali lile lile: nibadilishe nini kwenye Windows ili mashine iwe nyepesi? Jibu langu huwa haliwafurahishi. Ni machache sana, na hayo machache hupunguza mzigo tu, hayaongezi nguvu.

Anza kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazoendeshwa na mzigo wake, ikifunguka, tazama safu za CPU (kichakataji), kumbukumbu (RAM) na diski wakati mashine imekwama. Kwenye kompyuta za zamani, mara nyingi nakuta diski imeganda kwenye asilimia 100 huku CPU ikiwa haina kazi ya maana. Diski ya kuzunguka huhitaji kama milisekunde 10 kufikia faili moja; SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, hutumia sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Windows ikiwaka husoma maelfu ya vifaili, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Pengo hilo halizibwi na mpangilio wowote.

Linalosaidia kweli ni kuzima programu zinazojiwasha zenyewe. Zimo humo humo kwenye Task Manager: za soga, za michezo, za printa usiyoitumia tangu mwaka juzi. Antivirasi iache. Kwa laptopu, hakikisha pia haijabaki kwenye hali ya kuokoa betri wakati imechomekwa kwenye umeme.

Kuzima vivuli na madoido ya madirisha? Kwenye mashine dhaifu sana utaona nafuu kidogo. Kwingine utabaki na sura mbaya tu.

Halafu kuna ile "siri" ya msconfig, programu ya Windows ya kupanga jinsi inavyowaka, eti uweke tiki kwenye idadi ya vichakataji ili Windows ivitumie vyote. Windows huvitumia vyote bila kuombwa! Kisanduku kile ni cha kuweka kikomo, kwa ajili ya majaribio. Programu za kusafisha rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, nazo ziache. Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi yake, na kikifutwa kitu kisichopaswa kufutwa, Windows inaweza kukataa kuwaka.

Kama kilichojaa ni kumbukumbu na una GB 4 tu, punguza tabo za kivinjari au ongeza RAM, baada ya kuhakikisha kuwa ubao wa mashine yako unaruhusu, maana laptopu nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa. Kama ni diski, weka SSD, ila nakili mafaili yako pembeni kwanza.