Jibu: Likizo ya vuli Ujerumani, watoto wa miaka 3 na 5, mvua kila siku

Dada, umeuliza uwashughulishe vipi wiki mbili nzima na baba yao yuko kazini. Kwanza, toka nao hata kama kunanyesha. Wavishe suruali za mvua na mabuti ya mpira, waruke madimbwi mpaka wachoke. Mtoto aliyefungiwa ndani, ikifika alasiri atakupanda kichwani.

Bustanini mtakuta mbegu za kahawia zinazong'aa, Kastanien. Okoteni mfuko mzima, mtengeneze wanyama kwa njiti za kiberiti, kutoboa toboa wewe. Na huyo wa miaka 3 umwangalie, kwa sababu zile za bustanini haziliwi, zina sumu. Za kula ni aina nyingine, ganda lake limejaa miiba myembamba kama nungunungu.

Jikoni nunua boga la Hokkaido, halina haja ya kumenywa. Wakusaidie kutoa mbegu, kisha lipike kwa tui la nazi na iliki. Wangu supu ya boga hawaigusi, lakini hilo wanagombania.

Jambo ambalo wengi husahau: Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma. Aliyezoea kuamka saa kumi na mbili atakuamsha saa kumi na moja! Siku chache kabla, chelewesha chakula cha usiku na kulala kwa dakika kumi kumi.

Ukiishiwa kabisa, anzeni kutengeneza taa za karatasi za matembezi ya Mtakatifu Martin, 11 Novemba, watoto wanapotembea jioni na taa zao. Nunua kijiti chenye balbu, mshumaa achana nao.