Maswali na majibu: Mwanangu akinyamaza, ndiyo amezoea?

SWALI: Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka minne na nusu. Kumuosha nywele ni vita, kukatwa kucha hataki, blenda ikiwashwa anaziba masikio na kukimbia, na shati analokubali kuvaa ni moja tu. Tulielekezwa kwa mtu anayetibu watoto wa aina hii. Akasema kila jioni tumviringishe kwenye blanketi zito, tumshike na kuwasha blenda karibu naye mpaka anyamaze, eti ubongo utazoea. Mwanzoni alipiga kelele sana. Siku hizi ananyamaza haraka, ila ameanza kukojoa kitandani na hataki baba yake amguse. Tuendelee? Na je, huu ni usonji (autism)?

JIBU: Mama, msiendelee. Acheni leo hii. (Mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba kazi, yaani namsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku. Nalisema wazi kwa sababu sidhani kama huyo mliyeelekezwa kwake amewahi kuwaambia yeye kasomea nini.)

Swali lako hunifikia mara kwa mara kwa sura mbalimbali. Huyu alimsimamisha kwa nguvu kwenye mchanga mtoto asiyevumilia mchanga, yule alimshikilia mwanawe kinyozi amalize kazi. Na wote hunimalizia kwa maneno yaleyale: “lakini sasa ametulia.” Hapo ndipo ninapoishiwa subira. Mtoto aliyebanwa asiweze kutoka, akalia asisikilizwe, hubakiwa na njia moja tu, nayo ni kukata tamaa. Hebu mtazameni vizuri wakati “ametulia”: macho yamemtoka, mwili umelegea au umekakamaa, ukimwita haitiki. Blenda inamuumiza vilevile kama mwanzo. Alichojifunza ni kwamba kulia hakumsaidii, na kwamba mikono inayomzuia asikimbie ni ya wazazi wake. Ndiyo maana baba hasogelewi.

Kuzoea kwa kweli kupo, tena hakufichiki: mtoto hurudi mwenyewe. Leo anaigusa blenda iliyochomolewa. Siku nyingine anasimama mlangoni, anaziba masikio, anakupa ishara uiwashe kwa sekunde moja, anakimbia, kisha anachungulia tena. Kuwasha na kuzima kunafuata amri yake. Akifika mahali pa kulia, mmeshapitiliza. Zoezi linatakiwa liishe kabla ya hapo. A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kazi wa Marekani ambaye kitabu chake cha 1972 ndicho kiliijenga nadharia hii ya namna ubongo unavyopanga taarifa za milango ya fahamu, alitaka mtoto ashiriki kwa hiari, achague na achangamkie mchezo. Anayembana mtoto kwa kutumia jina la nadharia hiyo ameokota jina, nadharia hakuisoma.

Blanketi zito nalo si kamba. Wapo watoto wanaolipenda kwa sababu mgandamizo imara juu ya misuli na viungo huwatuliza, lakini mtoto lazima aweze kulitoa mwenyewe wakati wowote, na kichwa kisifunikwe kamwe. Mwaka 2008, huko Quebec, Kanada, mvulana wa miaka 9 mwenye usonji alikufa kwa kukosa hewa baada ya kuviringishwa kwenye blanketi la namna hiyo shuleni. Mpeni huyo “mtaalamu” wenu habari hiyo.

Kukojoa kitandani huenda kukawa ni hofu, ila msikate shauri wenyewe. Mtoto aliyeshaacha kukojoa usiku akaanza tena apimwe mkojo na sukari, na daktari aulize kama anapata choo kigumu. Mwombeni pia amkague masikio na usikivu.

Kuhusu usonji, kwa barua siwezi kusema. Kuchukizwa na sauti au mguso ni mojawapo ya dalili zake, lakini dalili hiyo peke yake haitoshi. Daktari ataangalia pia anavyowasiliana, anavyocheza na wenzake na mengineyo.

Nywele ndizo ningeanza nazo, kwa kuwa haziepukiki. Watu hudhani mtoto anaogopa maji, kumbe mara nyingi kinachomtisha ni kulaza kichwa nyuma: hisia ya mizani, iliyo ndani ya sikio, inamwambia anaanguka. Basi aketi wima, atazame mbele, ajishikie mwenyewe taulo iliyokunjwa machoni. Maji yamwagwe kwa kikombe kwa mkupuo mmoja, yasinyunyizwe, maana mguso mwepesi humkera kuliko ulio imara. Hesabu kwa sauti hadi tano. Ukifika tano, acha, hata kama povu limejaa kichwani. Mwache apumue, kisha mwanze tano nyingine. Ukidanganya ukafika saba, kesho hatakuamini. Kucha mkate akishaoga, zikiwa laini. Kibonyeze kidole kwa uthabiti kwanza, na mkono wa pili unaweza kungoja kesho. Shati analolipenda, nunueni mengine yanayofanana nalo, yaishe. Vya kuziba masikio vitumike penye kelele tu. Akivivaa kutwa, sauti za kawaida zinaweza kuanza kumsumbua zaidi.

Sasa niseme na wazazi wengine pia, kwa sababu biashara hii imekuwa kubwa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilieleza mwaka 2012 kwamba tiba zinazotumia milango ya fahamu, kama mguso na mgandamizo, zinaweza kutumika kama sehemu ya mpango mpana, lakini wazazi waambiwe kuwa ushahidi wake ni mdogo. Nami naifanya kazi hii, na hivyo ndivyo ninavyowaambia. Sasa huyu anayekuahidi mtoto “atapona kabisa” ndani ya wiki kadhaa ameupata wapi uhakika huo? Wengine huongeza matone ya “kuondoa sumu mwilini”. Baadhi ya matone hayo hutengeneza klorini dioksidi, yaani kemikali ya kupaushia. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya tena mwaka 2019 kwamba ni hatari kuyanywa. Hakuna sumu mwilini inayomfanya mtoto achukie lebo ya shati.

Kabla hujalipa, muulize kasomea nini, anapima maendeleo kwa kitu gani, na mtoto akisema “basi” anafanya nini. Na ukiambiwa usubiri nje huku mlango umefungwa na mwanao analia ndani, ingia umchukue.