Muulize Fundi: Kiti cha mama bafuni

SWALI: Fundi, shikamoo. Naishi Pangani na mama yangu mwenye miaka 71. Magoti yamemsumbua sana mwaka huu. Bafu letu ni dogo, hatua tatu kwa mbili, sakafu ya saruji, choo cha kuchuchumaa kiko kwenye kona, na tunaoga kwa ndoo na kopo. Mama amezoea kukalia ndoo iliyopinduliwa. Wiki iliyopita iliteleza akaangukia ubavu, Mungu akasaidia hakuvunjika. Nilimnunulia kiti cha plastiki akakikataa. Anasema yeye hajawa maiti hata awekwe juu ya kitu aoshwe. Mimi nataka akae kwa raha, ajimwagie maji mwenyewe. Nijenge benchi la saruji au nichongeshe la mbao? Na naweza kulitia godoro dogo juu? – Binti wa Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe mama pole yangu, na ile ndoo itoe bafuni leo hii. Kitako chake ni chembamba mno kwa mtu mzima, na mdomo wake ukikutana na povu la sabuni hauna cha kushika.

Nianze na neno la mama, maana ni zito kuliko mbao. Mkumbushe mahali pa kutawadhia misikitini. Misikiti mingi ina vigoda vya saruji mbele ya mabomba, vijana wa miaka ishirini wanavikalia kuosha miguu, na hakuna anayemuuliza mwenzake anaumwa nini. Na kule Kidichi, Unguja, Seyyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrzad. Nimewahi kuingia mle. Kuta zina maua na ndege wa chokaa, na kuna mahali pa kukandwa na pa kupumzika. Yule bibi hakuwa mgonjwa, alikuwa mke wa sultani. Kukaa bafuni kwetu pwani ni jambo la kale, na mama ana haki yake humo.

Sasa kazi. Mama yangu mzazi nilimchongea benchi kwa haraka, kwa mapenzi, nikatumia kimo cha kigoda ninachokalia karakanani. Lilikuwa zuri kutazama. Alipokaa, magoti yakapanda juu ya nyonga, akashindwa kuinuka, na akanyamaza asinivunje moyo. Nilijua baada ya siku nne, nilipomsikia akimwita mjukuu amvute mkono. Tangu siku ile sichongi kiti cha bafu kabla sijampima atakayekikalia. Mwambie mama avue viatu, akae wima kwenye kiti cha kawaida, nyayo zote mbili chini. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo nyuma ya goti, kisha ongeza sentimita 3 mpaka 5 kwa sababu ya magoti mabovu. Wengi huangukia kati ya sentimita 43 na 48, lakini fuata kipimo cha mama. Nyayo zikining'inia, umezidisha.

Kati ya saruji na mbao, kwa mama yako nachagua mbao. Benchi la saruji ni imara, sikatai, ila mafundi wengi hulijenga kama sanduku, uso wa mbele umeshuka moja kwa moja hadi sakafuni. Jaribu kuinuka hapo ulipo bila kurudisha visigino nyuma, uone. Mwili hauendi. Mtu akitaka kusimama lazima miguu yake iingie kidogo chini ya kiti, na sanduku la saruji linaizuia. Ukiamua saruji, mwambie fundi aache uwazi chini, na uso wa juu uinamie mbele kidogo tu ili maji yasituame.

Mbao iwe msaji. Mko karibu na Muheza, na msaji wa shamba la miti la Longuza unajulikana. Una mafuta yake ndani, unavumilia maji kuliko mbao laini za kupakwa rangi. Mvule pia unafaa. Kiti kiwe cha fito zilizoachana sentimita moja, maji yapite. Tumia skrubu za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya chumvi ya Pangani hula misumari ya kawaida kabla mwaka haujaisha. Kingo zote zizungushwe kwa msasa mpaka upitishe kiganja bila kuhisi kona, ngozi ya mzee huchanika kwa kitu kidogo. Miguu ya benchi itanuke chini kidogo kuliko juu, na kila mguu ukatiwe raba ya tairi la gari. Raba inazuia kuteleza na inaiepusha ncha ya mbao kunywa maji. Usipake vanishi, itamenyuka. Siku ya Ijumaa lisugueni, likae juani mpaka mchana.

Godoro, hapana. Sponji haikauki bafuni, itaota ukungu na kunuka. Na kitu laini humzamisha mtu, akitaka kuinuka anapigana nacho. Akitaka ulaini, kunja kanga kavu mara nne, aikalie, ukimaliza uianike.

Raha ya mama itatoka kwenye mambo mengine mawili. La kwanza ni ndoo ya maji: ipandishe juu ya kijukwaa kiwe sawa na mapaja yake, upande wa mkono wenye nguvu. Kuinama kufuata kopo chini ndiko kunakoangusha wazee. La pili ni kitu cha kushikia. Bomba la chuma la inchi moja na robo, lisimame wima ukutani mbele kidogo ya benchi, lifungwe kwa bolti ndefu zilizoingia kwenye tofali. Kama ukuta wenu ni wa udongo na fito, bolti haitashika, chimba nguzo sakafuni. Kabla mama hajaligusa, lining'inie wewe kwa uzito wako wote.

Na mlango ufunguke kwenda nje. Akianguka nyuma ya mlango unaofunguka ndani, hutamfikia.

Choo cha kuchuchumaa nacho kitamshinda, kama hakijamshinda tayari. Mchongeshee kiti cha pili chenye tundu, kimo kilekile, kikae juu ya shimo.

SWALI: Nimepanga chumba Ilala, mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Nasimama dukani kutwa, nataka kukaa bafuni nioshe miguu. – Muuza vitambaa

JIBU: Kiti cha plastiki kitakutosha, mradi kiwe kinene na chenye mikono. Miguu yake hutanuka ikikaa kwenye marumaru zenye maji, basi ivishe raba ile ile ya tairi, na usikae ukiegemea upande. Ukiona ufa mweupe pale mguu unapokutana na kikalio, hata mdogo kama unywele, kitoe siku hiyo.