Amejibu kwa shari

Mhariri, mmeuliza wiki hii: mtu akisemwa kwa Kiingereza kuwa amejibu “pugnaciously”, amefanya nini hasa? Kwetu Mombasa jibu fupi ni kwamba amejibu kwa shari. Hajampiga mtu, ila yuko tayari, na angefurahi umpe sababu.

Asili ya neno ni Kilatini, pugnus, maana yake ngumi. Lakini Waingereza hulitumia sana kwa mdomo na uso: mtu kauliza swali hivyo, katoa kidevu mbele hivyo, kaingilia mazungumzo hivyo. Wanaolifasiri “kwa ukali” naona hawajafika. Mwalimu mkali ana kosa analolikemea. Mwenye shari ugomvi ametoka nao kwake, anatafuta pa kuutua.

Kelele nazo zisikudanganye. Nenda soko la Kongowea asubuhi malori ya vitunguu yakishushwa. Wa mkokoteni anapaza sauti apishwe, mteja anamwambia mama wa viazi “huo ni wizi!”, mama anamrudishia lake zito zaidi, kisha anapima, anatia na nyongeza, na kesho mteja ni yuleyule. Hapo hapana shari hata chembe.

Shari niliiona kwenye matatu ya Bamburi. Kondakta, kijana mpole kwa kweli, alisema, “Mzee, nauli tafadhali.” Yule bwana hakugeuza shingo, aligeuka mwili mzima, akamtazama juu mpaka chini, akasema kwa sauti ya chini kabisa: “Kwani nimesema natoroka?” Neno lenu lote limo mle. Noti alikuwa nayo mkononi, tena imekunjwa tayari.

(Msilichanganye na lile “aggressively” la matangazo ya kazi, ambapo mwajiri anataka muuzaji asiyechoka kubisha hodi. Huyo hulipwa kamisheni.)

Je, shari yaweza kuwa sifa? Mimi nasema yaweza, na Waingereza wenyewe wakati mwingine humsifu nayo mtu anayetetea vyake bila kurudi nyuma. Sisi tuna Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa enzi ya watawala Wamazrui, aliyefariki karibu mwaka 1840. Aliwachokoza mahasimu wa Mvita, yaani Mombasa, kwa beti, na washairi wa Lamu nao hawakunyamaza. Uchokozi ule ulikuwa wa waziwazi, ila ulifungwa na vina na mizani. Ukitaka kumtukana mtu kwa mizani kumi na sita kila mshororo, lazima kwanza utulie.

Palipo na utata ni kwenye leso, yaani kanga. Jirani anatoka kuanika nguo, amejifunga iliyoandikwa “Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake”, na jana tu mlikuwa na maneno. Anakuamkia sabalkheri vizuri, uso mkunjufu. Wengi watasema hiyo ndiyo shari yenyewe. Mimi nakataa kuiita kwa neno lenu, kwa sababu mtu wa “pugnaciously” anataka umwone, na ukimuuliza atakwambia ndiyo, kwani utafanya nini? Kijembe cha leso kina mlango wa nyuma. Muulize jirani amemkusudia nani, atajitazama kiunoni kama aliyesahau alichovaa: “Hii? Mamangu, mimi nimependa rangi tu.”