Mche ulioota chini ya 'Old Blush'

Ndugu yangu, umeuliza kama mche ulioota chini ya mwaridi wako wa aina ya 'Old Blush' nao ni 'Old Blush'. Kama umetokana na mbegu, hapana. Kila mbegu ya mwaridi huzaa mtoto mwenye sura yake, kwa hiyo usiupe jina la mama. Ukitaka 'Old Blush' yenyewe, kata kitawi ukipande.

Kwanza fukua udongo taratibu. Pengine ni chipukizi la mzizini, na kama mmea ulibebeshwa, yaani kitawi cha 'Old Blush' kiliunganishwa kwenye shina la mwaridi mwingine lenye mizizi, hilo ni la shina hilo la chini. Tazama vijani viwili vilivyogandana na kikonyo cha jani: vikiwa na tamvua kama pindo la shali, nashuku ni Rosa multiflora, mwaridi mwitu unaotumiwa kama shina la chini. Lakini ukiwa mche wa mbegu, tafadhali usiung'oe, subiri uchanue!