Kombe limetuponyoka, usingizi nao umekimbia

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwana Msimbazi, shabiki wa Simba, dereva wa daladala. Tangu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika pale Uwanja wa Amaan, Zanzibar, Mei 2025, tulipotoka 1-1 na RS Berkane na kombe likaenda Morocco, huu ni usiku wa tatu silali. Moyo unadunda, chakula hakishuki, mke wangu akiniuliza kitu namfokea. Watani wa Yanga kijiweni wananimaliza. Na mkeka wangu wa kubeti nao ulichanika. Je, huu ni ugonjwa?

JIBU: Marahaba. Siku tatu si ugonjwa. Mwili wako ulicheza fainali ile, ila hukupewa jezi.

Shabiki anapoihesabu timu kuwa yake, mwili humwaga homoni za hekaheka, adrenalini na kotisoli, kana kwamba yeye ndiye anayekabwa. Watafiti wa Marekani waliwahi kupima mate ya mashabiki waliotazama fainali ya Kombe la Dunia 1994: testosteroni iliwapanda wa Brazil, ikawashuka wa Italia, na wote walikuwa mbele ya televisheni tu. Homoni hizo zingeshatulia zenyewe. Kinachozichokoza upya ni simu. Ukirudia saa sita usiku lile bao la dakika za lala salama, mwili unaanza upya. Kwa hiyo, simu ilale chumba kingine, na kundi la WhatsApp la watani ulizime sauti mpaka wiki iishe. (Kulijibu hakusaidii. Utani wa jadi haujawahi kupata mshindi.)

Kuhusu moyo kudunda, nenda kapime presha. Wakati wa Kombe la Dunia 2006, madaktari wa Munich waliona dharura za moyo zikizidi mara mbili na nusu siku Ujerumani ilipocheza, hasa kwa waliokuwa tayari na maradhi ya moyo. Na Ujerumani ilipoteza mechi moja tu kati ya saba! Hatari ni hekaheka yenyewe, hata timu ikishinda. Kifua kikibana, usisubiri filimbi ya mwisho.

Kuhusu matokeo, mliingia Amaan mkidaiwa mabao mawili ya mechi ya kwanza kule Berkane. Ilikuwa fainali ya kwanza ya Simba barani Afrika tangu 1993. Kuumia ni haki yako, lakini uliyejiahidi kombe ni wewe.

Mkeka ndio unaonitia wasiwasi. Hukusema uliweka kiasi gani, na wanaoficha kiasi ofisini kwangu mara nyingi wamegusa kodi ya nyumba au ada. Kama ndivyo, pengine kinachokukosesha usingizi ni deni, nawe unamfokea mkeo kwa sababu yeye hajui. Mwambie leo, kiasi kamili, na umwombe radhi. Usiweke mkeka mwingine ili kurudisha hela. Hiyo ndiyo njia ya kuzama.

Usiku usipolala, usishike usukani alfajiri; mpe mwenzako gari. Wiki mbili zikipita bado hulali hata siku zisizo na mpira, au ukishindwa kuacha mikeka, nenda hospitali ya wilaya uombe kuonana na mtu wa afya ya akili. Mweleze habari ya mkeka kwanza, Simba baadaye.